Matairi Ghali Bondeni Cheju

Katika ushirika wetu wa mpunga, mimi ndiye niliyepinga matairi rahisi ya trekta. "Haya ghali hayazami!" niliwaapia wenzangu, na kwa nilivyokuwa na furaha nikayafunga mwenyewe.

Juzi bonde zima la Cheju lilitoka kunitazama, maana mvua imekaribia na hatujalima. Nikatia gia ya mbele. Matairi yakazunguka palepale, trekta likazama. Nikatia rivasi, likachomoka mbio! Nikawapungia mkono.

Bi Mwanakheri, aliyetaka yale rahisi, akainama kuyatazama meno ya tairi.

"Mwanangu, matairi mazuri kwelikweli," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ila umeyafunga mbele nyuma, meno yanaangalia kinyume. Sasa bonde lote hili utatulimia kwa rivasi?"