Msimu Niliokuwa Naomba Wafungwe

Mwaka ule mdogo wangu alipopata nafasi katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, mimi nilikuwa Guangzhou nanunua nguo za watoto za kupeleka Unguja. Alikuwa amechukuliwa na shangazi yetu akiwa na miaka kumi na tatu, akanenepea Marekani, hata picha zake zilipokuja mama alisema tumemletea picha ya mtoto wa watu. Kazi yake uwanjani, kwa alivyonieleza, ilikuwa kulizuia jitu la kilo mia na zaidi lisimfikie mwenzake mwenye mpira. Nilimwambia kwetu kazi hiyo hufanywa na mlinzi wa geti, tena amekaa. Alicheka, lakini nilijua hakupenda.

Wao hucheza Jumapili, na jioni yao ya Jumapili ni asubuhi yetu ya Jumatatu. Tukapatana awe anapiga saa tatu katika ofisi ya wakala wangu wa mizigo, ndani ya jengo la Tianxiu. Wakala alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, shati lake limenyooka kwa pasi siku zote. Saa hizo ofisi imejaa marobota na watu wanaogombea nafasi ya kontena, na mimi nimekalia kiti chake mwenyewe nikingoja simu. Hakuwahi kuninyanyua. Nikishaweka mkono wa simu huniuliza, "Alors, dada, ekipe, ile timu ya ndugu yako, ilishinda?" Mwezi wa kwanza nilikuwa namjibu kwa maringo, utadhani nilicheza mimi.

Katikati ya mwezi wa kumi mama alianguka bafuni. Moyo. Aliyenipigia ni mjomba, kaka yake mama, na alinieleza kila kitu bila kuficha, kisha akasema, "Mdogo wako asiambiwe. Ndiyo kwanza ana msimu mmoja, akiondoka leo nafasi yake wataijaza kesho. Mama yako mwenyewe kataka hivyo. Msimu ukisha tutamwambia, aje."

Sikushangaa. Kwetu mtu aliye safarini haambiwi habari nzito. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alirudi kutoka Maskati na vitambaa vya mkewe, na mkewe ana mwezi mzima kaburini. Watu walikwenda kumpokea, wakambebea masanduku, wakamuuliza habari za huko, na hakuna aliyefungua kinywa mpaka alipofika mlangoni kwake. Sote tuliona ni uungwana.

"Basi nije mimi," nilimwambia mjomba.

"Ukija wewe, nani atapokea simu yake? Akikukosa Jumatatu mbili atajua kuna jambo."

Nikabaki. Hilo nalisema wazi kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba biashara ilinishinda kuiacha. Nilibaki kwa ajili ya simu. Ile ya dukani kwa mjomba, mbele ya nyumba ya mama, ambayo mdogo wangu alikuwa akipiga kuzungumza na mama, ilichomolewa ukutani, nami nikamwambia laini ya mtaa mzima imekufa. Mjomba akawa ananipigia kutoka posta.

Tangu hapo Jumatatu ziligeuka adhabu. Siku nyingine natembea mtaa wa Guangyuan Xilu, najadili bei, nikiambiwa "meiyou", hakuna, naondoka zangu duka la pili, maisha yanakwenda. Jumatatu simu inalia na sauti yake inaingia, nzito, ya mtu mzima.

"Dada, tumeshinda. Ishirini na nne kwa kumi na saba."

"Hongera. Hujaumia?"

"Sijaumia. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Anakula vizuri?"

"Anatushinda sote."

Nilijifunza kujibu haraka. Ukichelewa kidogo tu kwenye simu ya mbali, mtu anasikia.

Nilijua msimu wao ni michezo kumi na sita na unaisha mwisho wa Desemba. Nikaziweka wiki kichwani. Mjomba naye kila akipiga huuliza imebaki michezo mingapi, na mara moja alichomeka ile simu ya dukani ili mama aisikie sauti yangu. Alipumua kwanza, muda mrefu, ndipo akasema.

"Anacheza?"

"Anacheza, mama."

"Wanashinda?"

"Wanashinda sana."

"Alhamdulillahi. Mwacheni basi."

Baada ya simu ile nilikwenda chooni nikalia, nikaosha uso nikarudi kufunga mizigo.

Wakala alikuwa amesikia yote, ofisi yenyewe chumba kimoja. Siku hiyo alinifuata mlangoni. "Dada, kwetu mama akiwa mubaya na bugonjwa tunaita batoto yote. Banakuja, banalia, basi."

"Kwenu si kwetu."

"Mama ni mama tu. Siku moja ndugu yako atapiga simu na weye hauko. Mi nitamuambia."

Nilimwambia akithubutu nahamisha mizigo yangu yote kwa wakala mwingine. Akarudi kwenye karatasi zake. Lakini kuanzia wiki iliyofuata nilikuwa nafika saa mbili, na nikakaa karibu na simu ile kuliko hata yeye mwenye ofisi.

Desemba ilipoanza mdogo wangu akaniambia kwa furaha kuwa wakishinda michezo mingine miwili wataingia mtoano.

"Mtoano ni nini?"

"Msimu unaendelea, dada. Timu nzuri tu ndizo zinabaki. Tukifika mwisho ni karibu na Februari."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kushinda kunarefusha msimu. Nilikaa pale na mkono wa simu sikioni, na kwa mara ya kwanza nikawatakia mabaya. Ramadhani ikaingia, na mimi, nimefunga, juu ya msala, najikuta namuomba Mungu timu ya ndugu yangu ifungwe. Nilijionea aibu, na siku ya pili niliomba tena. Wao wakazidi kushinda. Wakala akisikia wameshinda hanipongezi tena, ananiangalia tu. Wiki ile waliyoingia mtoano mjomba aliniambia mama hainuki kitandani.

Jumamosi ya mwanzo wa Januari mjomba alipiga. "Mama yako tangu juzi anakunywa maji tu. Daktari anasema tungoje amri ya Mungu."

"Nimwambie?"

"Wamebakisha michezo mingapi?"

"Minne, wakiendelea kushinda."

Nyuma yake nilisikia watu wa posta wakigonga mihuri. "Wacha acheze," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Jumatatu simu ililia saa tatu kamili. "Dada, tumeshinda."

"Mama anakufa," nilisema.

Sisi hatusemi hivyo. Kuna njia zake, kuna maneno ya kuzunguka, mtu anaketishwa kwanza. Mimi nilitema tu, na ofisi nzima ikageuka kuniangalia, hata waliokuwa hawajui Kiswahili.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi. Katikati."

Alisema polepole, "Dada, mimi sichezi. Goti langu lilipasuka mchezo wa tano. Nipo nyumbani na magongo tangu mwezi wa kumi."

Wiki moja kabla mama hajaanguka. Walimfanyia upasuaji, wakamweka kwenye orodha ya majeruhi mpaka msimu mwingine, na nafasi yake wakamwahidi. Hakuna aliyemhitaji uwanjani. Alikuwa anatazama michezo kwenye televisheni, miguu juu ya kochi, kisha ananipigia matokeo. "Nilijua nikikwambia wewe mama atajua," alisema. "Na unamjua anavyoshtuka. Nikasema msimu ukisha nitamwambia."

Jumatatu kumi na mbili. Angeweza kupanda ndege Jumatatu yoyote kati ya hizo, nami vilevile. Nilimtukana. Nilimtukana mbele za watu, matusi ambayo sikujua kama ninayo, na yeye, ambaye hajawahi kunivunjia heshima tangu kuzaliwa, alinirudishia yote. Wakala aliitoa simu mkononi mwangu taratibu. "Petit, mdogo wangu," alimwambia, "kata tiketi leo. Dada yako pia anakata leo. Mutagombana kwenu."

Sikuwa na namna ya kumpata mjomba, simu ya dukani ilikuwa imechomolewa. Jioni ile nilipanda treni kwenda Hong Kong. Mama alikufa Jumanne alfajiri na akazikwa baada ya adhuhuri, kama kawaida yetu, mimi nikiwa uwanja wa ndege wa Dubai na mdogo wangu akiwa angani. Mimi nilifika Jumatano, yeye Alhamisi.

Magongo aliyaeleza kwa neno moja, kwamba ameumia juzi. Watu wakampa pole mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la ukumbini mjomba alipomketisha karibu naye, akawaambia wanaume waliokuja kuhani kwamba huyu ameacha mashindano makubwa kuja kwa mama yake. Kisha akamgeukia mwenyewe na kushusha sauti.

"Jumatatu usiku alikuulizia. Nikamwambia nitafute njia uitwe? Akasema hapana, yupo uwanjani, msimsumbue."

Nilimwona mdogo wangu akiuvuta mguu mbovu ndani ya kanzu.

"Ndiyo, mjomba," alisema. "Nilikuwa uwanjani."