Bakuli Lililotoka Bila Jina Langu

Nakumbuka asubuhi niliyotoka eda, mwanangu. Nilioga, nikavaa buibui jipya, nikaenda kwa Bwana Shee na furaha ambayo haimfai mjane kuionyesha. Bwana Shee alikuwa na nyumba ya wageni kule mbele, na alikuwa akitafuta mpishi wa kudumu wa kifungua kinywa. Nilijua kazi ni yangu, kwa sababu bakuli lilikuwa langu.

Ngoja nikwambie bakuli lenyewe, maana si kazi ya kutoa jasho. Wafunika bakuli juu ya chetezo chenye ubani, lishike moshi kidogo. Wamimina mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa. Wakatia embe na ndizi, wanyunyiza asali, na korosho za kukaanga ziwe za mwisho zisije zikalowa. Papai liweke kando, mlaji ajitilie mwenyewe, kwa sababu likilala ndani ya maziwa, maziwa huwa machungu. Chai haijachemka, bakuli liko tayari. Mitungi ya maji watu wameifukiza tangu enzi za mabibi zetu. Lakini bakuli la mtindi nililifukiza mimi, Mwanamkuu, jikoni kwangu, na asiyetaka kuamini na asiamini.

Mume wangu Athmani alifariki nikiwa kijana, mtoto bado yuko kifuani. Mwanamke wa eda hatoki, wewe wajua. Basi dada yake Athmani, Zainabu, akawa ndiye miguu yangu. Namtaja waziwazi, sina sababu ya kumficha. Siku moja alikuja akaniambia, "Wifi, Bwana Shee amechoka na mayai kila siku. Ataka kitu baridi cha wageni. Hebu tengeneza nimpelekee aonje."

Nikatengeneza, akapeleka. Alirudi akicheka mpaka ameshika mbavu. "Wifi, wale wageni wamelipiga picha bakuli kabla ya kulila! Utadhani bibi harusi!"

Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Ikawa ndiyo desturi yetu, mimi natengeneza, yeye apeleka. Haki yangu ya pesa aliniletea, hapo simsingizii. Na upweke wa kukaa ndani ni mbaya, mwanangu. Nikamvuta jikoni nikamfundisha. "Ubani kidogo tu," nikimwambia, "ukizidisha wageni watadhani wako hitimani." Tukicheka. Sikumuuliza hata mara moja, huko wawaambia bakuli ni la nani? Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kikiniita wifi.

Basi nikafika. Zainabu alikuwa jikoni kwa Bwana Shee, amejifunga aproni nyeupe. Wala hakushtuka.

"Ala! Wifi umetoka eda! Kaa, kaa, nikuandalie bakuli langu."

Langu! Nikakaa.

Bwana Shee akaja, mtu wa adabu na maneno laini. "Bi, pole na msiba. Mungu akupe subira. Huyu Zainabu ana mkono wa baraka, nimeshamwandika kazi."

Nikamtazama Zainabu. Yeye alikuwa akipanga korosho moja moja, kama anayetunga shanga. Bakuli likawekwa mbele yangu na harufu ya ubani wangu. Nikala. Alikuwa ameongeza tende zilizokatwa vipande vidogo, na wallahi lilikuwa tamu kuliko langu. Hilo ndilo lililoniua.

"Vipi, Bi?" Bwana Shee akauliza.

Nikasema, "Tamu." Nikaaga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, Bi Mwanaheri, nikamlilia. Nilitaka ainuke akamtukane mtu kwa niaba yangu. Yeye akaendelea kuchambua mchele.

"Nawe ulimwambia nini huyo Bwana Shee?"

"Shangazi, si nilikuwa nimefungwa na eda?"

"Eda yafunga mlango, haifungi kanwa. Wanawake wangapi waliingia kukupa pole? Ungemtuma hata mmoja akataje jina lako. Na leo mlango u wazi, wasema tamu!" Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Zainabu ameiba, na Bwana Shee hakuuliza. Lakini wewe ndiwe uliyelitia bakuli njiani likiwa yatima."

Kesho yake nilirudi nikasema. Bwana Shee akanisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Lakini jana ulilila, Bi, ukalisifu." Neno langu lilikuwa papai lililolala.

Sasa nina mvi. Nauza mabakuli mlangoni kwangu, na mtoto nimemlea kwa hayo. Zainabu ana friji ya kioo na wasichana wawili wa kumsaidia. Nikipita pale nikasikia ule ubani, roho hunichoma kama jana. Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Nimeishi tu.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Kazi ya mkono wako ipeleke mwenyewe. Ukiwa huwezi kutoka, jina lako litangulie kabla ya bakuli. Mfundishe mwenzio, usiwe mchoyo, lakini mfundishe mbele ya watu wajue alikojifunza. Na ukidhulumiwa, sema pale pale, mtindi ungali mdomoni. Usiseme tamu. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha haki yangu kwa kuona haya, ikazaa kwa mwingine.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa. Akuepushe na wivu kama huu wangu, na akuepushe na mwenye kukutia wivu. Na riziki yako, popote itakapokuwa ikikutafuta, iulize kwa jina lako, ikukute nyumbani. Amin.