Siku Nilipoijaribu Bastola ya Baba

Iko siku moja ambayo nitakufa nikiikumbuka, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta huku nimeivaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kuchomelea vyuma pale Katwe, na nilijiona nimeshamaliza kujua mambo yote ya dunia.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla ya hapo. Mimi na mama yangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kawempe, karibu na bwawa la mafunjo. Baba alikuwa sajini wa polisi, mtu wa Gulu, mpole, mwenye kupenda kuimba akinyoa ndevu. Wakati wa vita alitoka asubuhi moja kwenda kumtafutia mama dawa ya malaria, hakurudi. Tuliuliza kila mahali. Hatukupata mwili, na mpaka leo hatuna kaburi. Kilichobaki kwake kilikuwa picha moja na bastola ya zamani, ile ya matundu sita yanayozunguka, ambayo polisi wenyewe walikuwa wameacha kuitumia kabla sijazaliwa. Haikuwa ikitengenezwa tena, wala risasi zake hazikupatikana. Zilikuwapo tano tu, zimefungwa pamoja nayo ndani ya leso ya baba, chini ya unga wa mtama.

Mama hakuwa akiitoa ila mara mojamoja. Aliifungua leso, akaipangusa, akaifunga. Mimi nilidhani ni mazoea ya wazee. Sikujua kwamba pale ndipo alipokuwa akimzuru mumewe.

Basi nilikuwa na hamu ya kuwa na mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea, nisimtumikie mtu. Akatokea Bosco, mwanamume aliyezoea kuja Katwe kununua vyuma vikuukuu. Sijui nani alinituma nimtajie ile bastola. Kujigamba tu, mwanangu, ujana. Akanishika bega, akaniambia taratibu, "Kama inalia, naichukua. Kama hailii, hicho ni chuma tu, kaa nacho."

Ningemuuliza mama, angekataa. Kwa hiyo sikumuuliza.

Siku ya Jumamosi, jua likiwa kichwani, nikaichukua mama alipokuwa uani akifua. Nikaenda hadi katikati ya mafunjo, nikaweka risasi nne. Nikafyatua. Kimya. Nikafyatua tena, na tena, ikawa inagonga tu kama kijiko kwenye sahani. Nilikaribia kucheka. Ya nne ikalia.

Nikuambie ukweli, maana mzee anayeficha hana faida kwako: nilifurahi. Mkono uliruka, masikio yakaziba, nikajisikia mwanamume kuliko siku zote. Niliona mashine yangu tayari. Halafu masikio yakazibuka, nikagundua kwamba mtaa mzima umenyamaza. Redio za majirani zilizimwa. Nyundo za mafundi wa jirani zilinyamaza. Hata watoto sikuwasikia.

Nikakimbia nyumbani. Uani nguo zilikuwa zimemwagika matopeni. Kwa jirani yetu Mama Neema, mkimbizi kutoka upande wa Bunia, sufuria ya maharage ilikuwa ikiungua na hakuna mtu. Nikaingia chumbani kwetu, nikasikia sauti ya mama chini ya kitanda, anabembeleza.

"Achia, mukwano, rafiki yangu. Achia mkono. Mtoto hapumui."

Nikainama. Mama Neema alikuwa amelala kifudifudi, amemkumbatia mwanawe wa miezi mitano, amemziba mdomo kwa kiganja ili asilie. Huko alikotoka, mtoto aliyelia aliwaponza wote. Alikuwa ananong'ona, "Wamefika mpaka huku? Wamefika mpaka huku?" Mama alikuwa anavivuta vidole vyake kimoja kimoja, havitoki. Nikajitupa chini, nikamsaidia. Tulipovitoa, uso wa mtoto ulikuwa umevilia, macho yamegeuka. Mama akampulizia usoni, akampiga mgongoni. Kimya. Akampiga tena. Ndipo akavuta pumzi na kulia. Sijasikia kilio kitamu kama kile tangu nizaliwe.

Mama alipotoka chini ya kitanda, aliiona bastola kiunoni kwangu. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikaa sakafuni, mtoto mapajani.

"Ni wewe," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Ni mimi, mama. Nilitaka kuiuza. Kuna mtu alitaka kujua kama inalia."

"Sasa yeye najua. Na akinunua, atapiga nayo nani? Atapiga nayo misumari?"

Nikasema basi, tuirudishe kwenye unga. Akatikisa kichwa. "Mtu imesikia iko hapa, itakuja kuichukua hapa. Na kosa ni yangu pia. Mimi ndiyo niliificha, nikisema huyu ni baba yako. Huyu si baba yako. Baba yako ilitoka mikono mitupu kunitafutia dawa."

Hapo ndipo alipolia, mwanangu, na mimi nikalia.

Alasiri ile ile akavaa gomesi yake ya kanisani tukaenda kituo cha polisi. Niliogopa, kwa sababu siku zile ukionekana na silaha unaweza kupotea. Nilimwomba abaki. Akakataa. "Nikiwa na wewe, wataona wewe mtoto wa mtu."

Afande wa zamu alinihoji, akanionya, akaandika, akaipokea bastola na risasi zilizobaki. Akataka kuiweka mezani na leso yake. Mama akasema, "Afande, samahani, leso ni ya bwana yangu." Yule afande akaifungua mwenyewe, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili.

Bosco alikuja Jumatatu. Nikamwambia iko kituoni. Akatukana, akaenda zake, sikumwona tena. Pengine alipata nyingine. Kwangu hakuipata. Mashine niliipata baada ya miaka sita ya kumtumikia mtu, na mtoto wa Mama Neema ndiye huyo daktari wa meno mnayemkimbia.

Jumapili iliyofuata mama aliniita, akaniuliza, "Nyimbo ya kunyoa ndevu, wewe bado najua?" Nikamwimbia. Nilikosea maneno, akanisahihisha. Tangu siku hiyo tukawa tunamzungumzia baba mezani, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya tangu apotee.

Kwa hiyo mwanangu, ukiachiwa kitu cha kuua, usikiweke eti kwa mapenzi, usikijaribu eti kwa udadisi, wala usikiuze ukajidanganya kwamba yatakayofuata ni ya mnunuzi. Kipeleke panapostahili, na usiende peke yako, nenda na mtu anayekupenda. Na aliyetangulia, mtaje kwa jina, imba alichoimba, fanya wema aliokuwa akiufanya. Na kabla hujachukua kitu cha mama yako kisirisiri, muulize kwanza anakiweka kwa nini.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Akupe kazi ya mikono yako na usingizi usio na hofu, na watoto wa nyumba yako walie kwa sauti kubwa wapendavyo, pasiwe na mtu wa kuwaziba mdomo.