Upana wa Mkono wa Baba

Nimechoka na treni. Kwetu mjini Baraka hakuna reli, halijapita hata behewa moja, lakini mimi, mwalimu wa hesabu, nimemaliza likizo mbili nikijenga njia ya treni juu ya meza ya kulia.

Ni kwa ajili ya baba. Ujana wake aliumalizia Kalemie, akitembea juu ya reli na chuma cha kupimia upana. Njia ikitanuka, treni inaanguka. Sasa haoni, na mkono wa kushoto ulikufa kwa kiharusi. Alitaka kitu kimoja tu: aipime tena reli yake kabla hajaondoka duniani. Aliniomba bila aibu, nami nikakubali bila kufikiri.

Kwanza nilichagua kipimo cha mfuko wangu, moja kwa hamsini. Njia ikawa na upana wa sentimita mbili. Kopo la sardini likawa kichwa cha treni, spoki kuukuu za pikipiki zikawa reli. Baba akapapasa.

"Mama," akasema, maana baba zetu huwaita binti zao mama, "hii haiko treni. Hii ni jongoo."

Nisiseme uongo, nilikasirika. Siku mbili sikumsemesha zaidi ya salamu. Halafu nikamwambia alaze mkono wa kulia mezani, atanue vidole, nijue reli mbili ziachane kiasi gani ili azishike kwa mkono mmoja. Kutoka gumba hadi kidole cha shahada nilipata sentimita kumi na kidogo, yaani sehemu ya kumi ya njia ya Kalemie. Hesabu ilinifurahisha, mfuko haukufurahi. Treni ya pili niliiunda kwa makopo ya mafuta ya kupikia, na spoki niliomba kwa mafundi wa pikipiki mpaka wakawa wakiniona wanageuza uso. Nyumbani tulikula sahani zikiwa mapajani.

Wiki niliyomaliza, kiharusi cha pili kikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali vidole vimejikunja. Nikamkalisha mezani, nikamwekea mkono juu ya njia. Aligusa reli moja, akasogeza mkono, akatafuta ya pili.

"Ingine iko fasi gani?"

Nililia, kwa uchovu zaidi kuliko huzuni. Kisha nikachukua koleo, nikang'oa misumari yote ya reli ya pili, nikaisogeza mpaka ikafika kwenye vidole vyake. Sentimita nne. Treni yangu haikuweza tena kukaa pale.

Baba akazishika reli zote mbili. Akautembeza mkono polepole, akisimama kila penye kiungo, mpaka mwisho wa njia.

"Iko sawa," akasema, kama anayewaruhusu wenzake wa Kalemie. "Bapitishe treni."

Nikapiga magoti, nikaisukuma treni sakafuni, juu ya saruji, chini ya meza, ili aisikie ikipita.