Miguu Iliyobaki Mtumbwini

Jimu yenyewe iko Hamugembe, hapa Bukoba mjini, nyuma ya duka la mbao, na aliyenipeleka huko ni goti langu la kulia. Muuguzi alisema goti si bovu, ila misuli inayolishika imezembea, niitafutie kazi. Kijana anayefundisha mazoezi akanilaza kwenye kiti cha chuma, miguu juu kwenye ubao mzito, akasema nisukume mara ishirini. Nikampa kumi na mbili. Akashuka kumi na nane. Unanijua, ndugu yangu. Miaka yote nimenunua ndizi na kahawa kwa watu wagumu kuliko huyo. Tukakubaliana kumi na tano.

Nilipomaliza akanibonyeza paja kwa kidole, kama mtu anayechagua parachichi.

"Mzee, ulikuwa unacheza mpira?"

"Nilikuwa nakanyaga ndizi."

Akacheka, akidhani namtania. Basi wewe nikueleze.

Kwetu Buganguzi, nyuma ya jiko la bibi, palikuwa na mtumbwi ambao haukuwahi kuona ziwa. Ulichongwa kwenye gogo moja, na kazi yake ilikuwa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu. Ndizi mbivu zilimenywa, zikamwagwa humo pamoja na nyasi, halafu mtu aliyenawa miguu mpaka magotini akaingia. Nyasi zilikwaruza nyayo, ndizi ziliteleza, na juisi ya kwanza ilipoanza kuchuruzika nyuki walifika kabla ya majirani. Ilikuwa kazi ya wanaume. Bibi alisimama kando na kuni zake, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Babu alikuwa na ufundi wake. Usirukeruke, alisema, anayeruka anachoka na ndizi zinamcheka. Anza na kisigino, maliza na vidole. Pumua puani, ukishaanza kuhema mdomo wazi, umepita kiasi. Alikanyaga nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, na mpaka leo sijui nani alikuwa anamshikilia mwenzake.

Shuleni nako tulikuwa na mwalimu wa michezo, mtu mwembamba, filimbi shingoni hata siku ya mtihani. Alitufundisha kusikiliza mapigo ya moyo kwa vidole viwili baada ya kukimbia. Mimi niliyahesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikuuamini moyo wangu. Alisema misuli haikui wakati unakimbia, inakua ukiwa umelala, na aliyeichosha kabla ya mashindano asiende kulaumu kiwanja. Mwili, alisema, hauna mazungumzo ya bei. Hilo lilinisumbua sana.

Mwaka huo akatangaza kwamba Ijumaa watatu wa kwanza katika mbio za mizunguko minne wangekwenda kushindana Bukoba mjini, na kulala huko. Bukoba niliijua kwa hadithi za baba mdogo, na ziwa nililijua kwa harufu ya dagaa tu. Nilitaka niingize miguu ndani yake. Mazoezini nilikuwa wa pili, siku mbaya wa tatu.

"Wewe nafasi unayo," mwalimu akaniambia. "Kuanzia Jumatano usiguse kazi ya miguu."

Alhamisi ndizi zikawa zimeiva. Baba mdogo alikuwa anakwenda kuposa Jumamosi, na kwenda kuposa bila rubisi ni kwenda kusalimia tu. Mwenyewe alikuwa kazini mjini, angefika siku yenyewe na shati lake. Goti la babu lilikuwa limevimba. Jirani aliyeahidi kuja kukanyaga alikuwa bado njiani, na kwa ninavyomfahamu, angebaki njiani mpaka rubisi iwe tayari kunywewa.

Nikajaribu kupatana. Nikasema tungoje Ijumaa, nikitoka kwenye mbio.

"Rubisi inataka kulala na mtama wake," bibi akasema. "Ukikanyaga Ijumaa, Jumamosi unawapelekea wakwe juisi ya watoto."

Nikasema nikanyage nusu.

"Nusu nyingine tumwachie nani, nyuki?" babu akauliza, kisha akapunguza sauti. "Nenda kapumzike, mwana wange. Mwalimu wako amesema."

Akavua kandambili, akashika ukingo wa mtumbwi, akaingiza mguu mzima. Ule wa goti lililovimba ukakataa kupanda. Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, akitazama migomba kana kwamba ndicho alichokuja kufanya.

Nikaenda kunawa miguu.

Ijumaa, mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele, nikaanza kuliona ziwa. Mzunguko wa tatu mapaja yakawa matofali. Nikamaliza wa nne. Niliwahesabu upya walionitangulia, nikapata watatu walewale.

"Miguu yako umeiacha wapi?" mwalimu akauliza.

"Mtumbwini, mwalimu."

Akapuliza filimbi, akaenda kuandika majina ya wale watatu.

Jumamosi nikabeba kibuyu nyuma ya babu mpaka ukweni. Upande wa wenye binti, kwenye benchi, alikaa mwalimu. Kumbe ni mjomba wa binti. Akaonja. Akaonja tena.

"Waitu, hii imekanyagwa na nani?"

Babu akanielekezea kidevu. Mwalimu akaitazama miguu yangu kwa muda, akampa mwenzake kibuyu, akasema, "Basi, tuzungumze." Baba mdogo akapata mke. Mimi Bukoba nilikuja kufika nikiwa mtu mzima, kwa biashara, na ziwa nikalikuta halijaenda popote.

Ugonjwa wa mnyauko ulipita kwenye kibanja chetu, migomba ikang'olewa. Mtumbwi ukawa wa kunyweshea ng'ombe, ukapasuka, ukawa kuni. Babu na bibi wamelala palepale kibanjani, penye mihogo sasa.

Juzi nilipomweleza yule kijana, alisema misuli ina kumbukumbu. Iliyojengwa utotoni hurudi upesi kuliko ya mtu anayeanza upya. Nilimtaka aniambie tena, nikapanda kwenye kiti. Ubao ule hautelezi wala haunati vidoleni, na pembeni una vishikio viwili vya baridi. Nikafumba macho. Nikaanza na kisigino, nikamaliza na vidole, nikapumua puani. Begani hapakuwa na mkono.

"Mzee, kumi na tano zimepita," kijana akasema. "Si tulikubaliana?"

Nikaendelea kusukuma, nikamwambia hesabu aendelee nayo yeye.