Mkaa wa Redio ya Bibi

Wiki iliyopita drili yangu ilikata roho nikiwa juu ya stuli, natoboa ukuta wa jikoni nipate pa kutundika shelfu. Ililia kidogo, ikatoa cheche, ikanyamaza. Nikaifunga kwenye kitenge nikashuka nayo mtaa wa Kashaulili, kwa kijana mmoja mwenye kibanda kizuri cha vioo na taa za rangi. Hata hakuifungua. Aliitikisa karibu na sikio, akanirudishia. "Mama, hii imekwisha. Siku hizi hazitengenezwi, nunua mpya tu."

"Umeangalia mkaa?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akashika meza. "Mkaa! Mama, hii ni drili, siyo jiko."

Basi rafiki yangu, nikacheka na mimi, naye akadhani tunachekea kitu kimoja. Kumbe mimi nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa mtaani kwetu Majengo, nina miaka saba, na bibi yangu anakuja na ndoo ya mkaa kichwani.

Baba yangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, bati chache juu ya nguzo, na chini maranda yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Mninga ukirandwa unanukia, we acha tu. Maranda yale bibi aliwashia moto, kuku walitagia humo, na sisi watoto tulijifukia tukicheza kombolela. Umeme wa enzi hizo ulikuwa wa kuja na kuondoka, na siku ukiwepo mtaa mzima ulijua, kwa sababu randa ya umeme ya baba ilisikika mpaka sokoni. Ndiyo, randa ya umeme! Mtaani kwetu ilikuwa peke yake. Ili aipate, baba aliuza randa zake zote mbili za mkono akaongezea na magunia ya mpunga. Jirani yetu fundi cherehani, mzee asiyejua kunyamaza, alimwambia siku ile ile, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Baba akamjibu kwa kuiwasha mashine, hawakusikilizana tena.

Mwaka huo nilikuwa naanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alitangaza kabla ya likizo kwamba kila mtoto anayeanza aje na dawati, na asiye nalo atarudishwa nyumbani mpaka alipate. Watoto wa madarasa ya juu nao walete mawe mabovu ya redio, kila mmoja mawili. Unayakumbuka mawe? Zile betri nene za redio na tochi. Yakishakufa yalipasuliwa, ule unga mweusi wa ndani ukapondwa pamoja na majani ya matembele, ukapakwa kwenye ubao wa darasani, nao ukarudi kuwa mweusi tii. Kwa hiyo likizo ile watoto walizoa mawe Majengo nzima. Hawakuacha hata lililokuwa mtaroni.

Isipokuwa kwa bibi. Bibi alitoka kijijini Sibwesa kuja kutulea akiwa na vitu viwili vya thamani, ungo wake na redio yake ya mawe manne. Kwake yeye hakukuwa na jiwe lililokufa, kulikuwa na lililochoka tu. Kila asubuhi aliyapanga kwenye ungo, akayaanika juani pamoja na dagaa, na jioni akayarudisha kwenye redio. Redio ikatoa habari nusu na salamu nusu, halafu ikazimia. "Yamechoka," anasema, "kesho yatapumzika vizuri." Watoto walipokuja kuomba mabovu aliwatimua na mwiko. "Mabovu yako wapi? Mazima haya!"

Sasa fikiria seremala mwenye randa ya umeme wiki ya kutafuta madawati. Watu walijipanga. Baba alitengeneza la huyu, akatengeneza la yule, na mama kila jioni anamuuliza, "Na la mwanao?" Baba anasema kesho. Mganga hajigangi, mama akasema, akarudi jikoni. Mimi nilikuwa nimeshashonewa sare, nalala nayo chini ya mto, naamka naipapasa kama ipo.

Zamu yangu ilifika Jumamosi asubuhi, na shule inafunguliwa Jumatatu. Baba akaweka ubao wa kwanza, akawasha. Mashine ikaunguruma, ikatema cheche, ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Akaipiga kofi, wapi. Nikakaa kwenye maranda nikalia kwa sauti, sikuona aibu hata kidogo. Randa za mkono hakuwa nazo tena, na za wenzake zote zilikuwa kazini kwa madawati hayo hayo. Mbao mbichi kutoka kwenye msumeno zilikuwa na vibanzi vya kuchana sketi na mapaja, naye baba aliapa kwamba dawati la vibanzi halitoki kwake, hata liwe la mwanae. Jirani hakurudia methali yake. Alikohoa tu, na baba akaelewa.

Akaitwa fundi redio. Aliifungua mashine juu ya gunia, taratibu, skrubu moja moja kwenye kifuniko cha chupa, mpaka akatoa vipande viwili vyeusi vya kupitishia umeme, vilivyolika vikabaki kama punje za choroko. "Mashine nzima," akasema. "Imeisha mkaa tu. Mpya mpaka uagize Tabora, na treni imeondoka jana."

Mimi habari za Tabora sikuzisikia. Nilisikia mkaa. Nikatoka mbio mpaka uani kwa bibi, aliyekuwa anapepeta mchele. "Bibi! Mashine imeisha mkaa!"

"Mkaa tu ndiyo unakuliza, mke mwenzangu?" Akauweka ungo chini. Akajaza ndoo, tena kwa kuchagua, vipande vikubwa visivyo na vumbi, akaitwika akazunguka nayo mbele ya nyumba huku anafoka njia nzima. Akaitua katikati ya karakana, puu! "Wanaume wazima mnakwama kwa mkaa na mimi nipo? Haya, tieni!"

Fundi akaitazama ndoo. Baba akamtazama fundi. Jirani, kule barazani kwake, akalaza kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka machozi. Fundi peke yake ndiye aliyejikaza. "Shikamoo bibi," akasema kwa adabu. "Mkaa tunaoutaka siyo huu. Ni kile kijiti cheusi kilicho katikati ya jiwe la redio. Hata cha jiwe lililokufa kinafaa, nitakisugua kitoshe."

Kicheko kikaisha. Kila mmoja pale alijua mawe ya Majengo yameshapondwa shuleni, na aliyebaki nayo ni nani. Bibi naye alijua. Akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Nikajua dawati ndiyo basi.

Alirudi na redio kwapani na mawe kwenye pindo la kanga. Akakaa juu ya mbao zangu, akayatia yote manne, akazungusha kitufe. Kimya. Halafu sauti ya mwanamume ikasema nawasalimu wote wanaonifahamu, ikadidimia, ikapotea.

"Mmesikia?" bibi akatuuliza, anatutazama mmoja mmoja. "Nzima kabisa."

Akanigeukia mimi, nina kamasi na maranda uso mzima. "Na wewe, shule unaitaka kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa mawe mawili, akayafuta vumbi kwa kanga kana kwamba yanakwenda safari, akamkabidhi fundi. "Bomoeni. Ila mashine ikilia, mjue ni redio yangu inaongea."

Fundi akayapasua, akavuta vile vijiti, akavikata, akaanza kuvisugua kwenye msasa. Anasugua, anapima, anapuliza, anasugua tena, na sisi tunaomba umeme usikatike. Jua lilikuwa limeshapinda alipofunga skrubu ya mwisho. Baba akawasha. Ikakwaruza, ikatema cheche, tukarudi nyuma wote. Kisha ikalia, ile sauti yake ya kufika sokoni, na maranda mekundu yakaanza kuruka.

Bibi akaziba masikio. "Hiyo sasa taarifa ya habari!" akapiga kelele.

Jumatatu baba alilifunga dawati nyuma ya baiskeli, nikatembea pembeni yake nimelishika mguu. Mwalimu alipitisha kiganja juu yake, akatafuta kibanzi, hakupata. Nikakaa. Mbele yangu ubao ulikuwa mweusi, bado unanuka matembele. Nikawaza, mawe ya mtaa mzima yako pale ukutani, na mawili ya bibi nimeyakalia mimi. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ile tena. Labda siku nilipojifungua.

Wiki iliyofuata baba alimletea bibi mawe manne mapya, bado yana karatasi. Alishukuru sana, akapiga na vigelegele. Halafu akayaanika kwanza.

Bibi alishatangulia, tulimzika kwao Sibwesa. Baba yupo, mikono imechoka, anafurahi akipewa ubao aunuse. Pale palipokuwa karakana sasa pana fremu za maduka, na salamu zinakuja kwa simu. Silalamiki, maisha yamekwenda vizuri. Ila siku hizi kitu kikinyamaza kidogo tu tunaambiwa kimekwisha, na hakuna mwenye ungo wa kusema subiri, kimechoka tu. Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi yangu, jamani.

Nilipotoka kwa yule kijana nilizunguka nyuma ya soko, nikapata mawe mawili yenye vumbi kwenye duka la mzee mmoja. "Una redio ya mawe bado, mama?" akaniuliza. Nikamwambia ninayo.

Kuyapasua mapya yale kulinishinda. Siku nzima yalikaa dirishani juani, nayapita, nayatazama. Kesho yake nikajikaza. Nikatoa vijiti, nikasugua kwenye msasa, napima, napuliza, kama nilivyomwona fundi redio akifanya. Nikavitia kwenye drili na kuiwasha. Ikakwaruza, ikatema cheche, ikalia.

"Mama, nini hiyo?" binti yangu akauliza kutoka chumbani.

"Redio ya bibi," nikamwambia.

Nikaizima, nikaiwasha tena, wala sikuwa natoboa kitu. Nilitaka kusikia tu. Nzima kabisa.