Kijiti Mkononi, Ng'ombe Zizini

Ng'ombe wetu akiwa na joto, majirani wote hujua. Asubuhi hiyo alianza kulia kabla sijawasha jiko, akawa anampanda mwenzake mgongoni, ute unaning'inia chini ya mkia unang'aa kama ute wa yai. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni, nikamwita mume wangu ampigie simu daktari wa ng'ombe, yule huja na pikipiki akiwa amebeba mtungi wa mbegu za fahali. Sisi huku Bahati, nje ya mji wa Nakuru, tunaishi kwa maziwa, na joto likipita hivi hivi, ni kusubiri tena wiki tatu. Mume wangu akatoka nje na kikombe chake cha chai, akamtazama ng'ombe, akasema, "Huyu angalau mtu hujua akitaka."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka, na alipoona sijacheka akaenda kupiga simu.

Wacha nieleze, maana msomaji atadhani nina mume mchokozi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu, maneno machache, kicheko kikubwa. Nampenda mpaka mapenzi yenyewe hunikera. Jioni nikisikia geti likifunguka nafurahi bado, miaka yote hii. Lakini tangu mtoto wetu wa pili aachishwe ziwa, sikuwa namtaka. Akinigusa kwa ile njia ya mtu na mkewe, mwili wangu ulikuwa kimya. Haukatai, haukubali. Unawaza majani ya nepia ya ng'ombe, kesho yatakatwa na nani.

Mwanzoni nilijifanya nataka. Wee, kujifanya ni kazi! Halafu nikaanza visingizio, leo kichwa, kesho mgongo, na yeye hakuwahi kunilazimisha hata siku moja. Mwishowe akaacha kujaribu. Siku moja tukikata majani ya ng'ombe aliniuliza bila kunitazama, "Ni mimi?" Nikamwambia si wewe. "Basi ni nani?" Nikainama nikafunga mzigo wa majani, naye akaendelea kukata.

Muda si mrefu akaniambia ameamua kwenda Olkaria. Kule kwenye mitambo ya mvuke kulikuwa na mkandarasi aliyekuwa akimtafuta tangu mwaka uliopita, naye alikuwa amekataa kwa sababu kazi yenyewe ni ya kulala kambini na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Sasa amekubali. Tukishavuna mahindi, anaenda. "Hapa nakaa kama mpangaji," akasema, tena kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza. Niliona wazi kwamba mwanamume huyu akipanda gari la Olkaria na lile swali lake mfukoni, hatarudi vile alivyotoka.

Basi huyo ndiye mtu aliyeenda kupiga simu, na huyo ndiye ng'ombe.

Daktari alikuja. Mimi nilishika kamba, yeye akavaa glavu yake ndefu inayofika begani. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, mama yangu alikuwa akisema nitamuuliza hata malaika wa mauti anatoka upande gani. Kwa hivyo nikamuuliza, "Daktari, na ng'ombe akikosa joto kabisa, shida huwa nini?"

"Inategemea, mathe. Chakula kidogo, minyoo, kunyonyesha. Saa zingine ni mawazo."

"Ng'ombe ako na mawazo?"

"Hujaishi na ng'ombe wewe," akanicheka. Akaendelea na kazi yake, kisha akasema, "Na saa zingine ni sisi wenyewe tunazima hilo joto. Kwa yale mashamba makubwa wanataka ng'ombe wote wapandishwe siku moja. Kuna kifaa tunaweka ndani, iko na homoni. Ikiwa ndani, ng'ombe ametulia tu. Ukiitoa, siku mbili tatu, utasikia kelele."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika kamba. Na ndani ya mkono huo, chini ya ngozi, karibu na kwapa, nilikuwa na kijiti cha kupanga uzazi, nacho kina homoni. Niliwekewa kliniki mtoto wa pili alipoachishwa ziwa, nikakisahau kama mtu anavyosahau kwamba amevaa hereni. Nikakipapasa kwa mkono mwingine. Kilikuwepo, chembamba kama njiti ya kiberiti.

"Ala!" nikasema kwa sauti.

Daktari akauliza kama ng'ombe amenikanyaga.

Kuanzia hapo sikukaa chini. Maziwa yetu mengi huenda Nakuru mjini kwa mama mmoja Mwislamu mwenye hoteli ndogo ya chai na mahamri. Ukoo wao ulitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake huwa nakisikiliza hata nikiwa na haraka. Siku hiyo niliteremsha madebe nikamfuata mpaka jikoni, nikamweleza yote, hata ng'ombe.

Alicheka mpaka akaketi. "Shoga yangu! Umeenda kutibiwa na daktari wa ng'ombe?"

"Sijatibiwa. Nimeuliza tu."

Akapangusa macho kwa ncha ya leso, na sasa akawa makini. Akaniambia yeye alitumia sindano miaka mingi bila shida yoyote, hamu yake ilikuwa pale pale, tena zaidi, kwa sababu hofu ya mimba ilikuwa imemtoka. Lakini dada yake sindano hiyo hiyo ilimfanya awe kama gogo. Dada akaenda akawekewa koili ya shaba kwenye kizazi, ile isiyo na dawa yoyote ndani. "Miezi ya kwanza alitokwa damu mpaka akanuna na kila mtu. Baadaye ikatulia. Lakini mimi si daktari, hata wa ng'ombe si mimi. Nenda kamuulize nesi, na umuulize sana."

Kuuliza sana ndiyo kazi yangu. Nesi wa kliniki alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, na kwa dakika ya kwanza sikujua niweke wapi uso. Kisha nikaona ni heri nianze na lililonileta. "Sister, hiki kijiti kinaweza kumaliza hamu ya mtu kwa bwana yake?"

Hakucheka. Akasema kinaweza kwa wengine, kwa wengine hakifanyi kitu, na hakuna anayeweza kunitazama usoni akajua mimi ni yupi. Akaniuliza kama nalala vizuri, kama nina huzuni, kama huwa naumia, kama nyumbani kuna ugomvi. Akasema uchovu peke yake unaweza kufanya kazi hiyo bila msaada wa kijiti. Nikamwambia habari ya kifaa cha ng'ombe na zile siku mbili tatu. Hapo akacheka.

"Wewe si ng'ombe, mama."

"Najua. Lakini homoni ni homoni."

"Homoni ni homoni, ila ng'ombe hana historia na fahali."

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Lakini kabla sijaondoka nilimaliza maswali yangu yote, na foleni nje ikanung'unika. Akanieleza njia zisizo na homoni. Kuna kondomu, ambayo pia ndiyo pekee inayozuia magonjwa. Kuna kufuata siku na kuangalia ute, na hapo nikamwambia kwa ute mimi ni fundi, naujua kutoka dirisha la jikoni. Akasema njia hiyo inataka nidhamu ya watu wawili na huangusha wengi. Kuna kufunga kabisa, kwa waliomaliza kuzaa. Na kuna koili ya shaba, hukaa miaka mingi na hutolewa wakati wowote, ila hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kukata, hasa mwanzoni. "Na usitoe kijiti ukae hivyo hivyo," akanionya. "Mimba hurudi haraka kuliko hamu."

Nilichagua koili. Mume wangu nilimwambia nabadilisha njia ya kupanga, akasema sawa. Sababu sikumwambia, kwa kuwa niliogopa kumwahidi kitu halafu kisije.

Kutolewa kijiti kulichukua muda wa kunywa chai. Kudungwa sindano ya ganzi, kukatwa kidogo, kikatoka. Niliomba nikione. Kitu kidogo hivyo, nikakigeuzageuza kwenye kiganja. Koili nayo ilinifanya niume meno, sitadanganya, lakini ilipita.

Na sasa msinicheke. Pamoja na yote niliyoambiwa, siku ya tatu niliamka nikajichunguza. Nilimtazama mume wangu akifunga kamba za viatu. Hakuna kitu. Siku iliyofuata, hakuna. Kisha hedhi ikaja kama ilivyotabiriwa, nzito, tumbo linanikata, nikalala nimekunja magoti nikiwaza kwamba nimejitesa bure na mwanamume anaenda zake. Nililia siku hiyo. Nilimpigia simu yule rafiki yangu wa hoteli, akaniambia, "Kwani ulidhani ni taa, uwashe?"

Mahindi yakakauka. Tukavunja, tukabeba, tukaanza kupukuchua. Begi la mume wangu likateremshwa kutoka juu ya kabati likawekwa karibu na mlango.

Basi mchana mmoja tulikuwa nje uani tukijaza magunia. Watoto walikuwa shule. Yeye alikuwa amekunja mikono ya shati, anafunga mdomo wa gunia, ncha moja ya uzi ameivuta kwa meno. Nikaona shingo yake ilivyokaza, na vumbi la mahindi limeshika pale chini ya sikio. Na kile kitu nilichokuwa nakingoja kikaja. Haiya! Nilikijua mara moja, kama mtu anavyojua sauti ya jamaa yake kwenye simu. Nilikaa juu ya gunia nikacheka peke yangu. Sijui kama kilikuwa kimerudishwa na mkono usio na kijiti, au na mwili uliopumzika, au na begi pale mlangoni. Hata leo sijui, na bado najiuliza.

Niliinuka nikamwendea, nikaweka kiganja mgongoni mwake, chini ya shati. Akasimama tuli. Kisha akasogea, kidogo tu, kwa heshima, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

"Umechoka, mama," akasema. "Usijilazimishe."

"Sijilazimishi. Nakutaka."

Akanitazama kama mwenye duka anayekisia nimekuja kununua nini. Ikabidi nimweleze yote pale pale kati ya magunia: daktari, kile kifaa, mkono wangu ulioshika kamba, nesi, zile siku tatu nilizongoja nikimtazama akifunga viatu. Nilipofika kwenye siku tatu alicheka kile kicheko chake mpaka akashikilia gunia. Mimi nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

Kicheko kikaisha, akabaki na punje chache mkononi. "Mimi nilishajizoesha," akasema. "Nilijifundisha nisitake. Ilinichukua muda. Sasa wewe uko hapa, na mimi natafuta kile kitu, sikioni."

Nilihisi uchungu ambao sijawahi kuuhisi hata nikizaa. Changu kilikuwa na mahali, chini ya ngozi, mtu anapapasa anakipata. Cha kwake ningekipapasa wapi? Hasira ikanipanda, na sikuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

Kwa hivyo nikauliza. "Wewe hupenda nini? Si vile tulikuwa tunafanya zamani. Wewe mwenyewe, ni nini hukuamsha?"

Akafikiri kweli kweli. "Sijui," akasema. "Hakuna mtu ashawahi kuniuliza."

"Sasa nakuuliza mimi."

Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Asubuhi ya kusafiri alikunywa chai akiwa amesimama, kofia kichwani, begi begani. Gari la mkandarasi lilikuwa likimngoja barabarani. Nilimpa chakula cha njiani na sikumuuliza kitu, ingawa ulimi uliniwasha. Akafika getini, akashika komeo, akakaa hivyo. Kisha akarudi, akanipita, akaingia chumbani, nami nikasikia begi likirudishwa juu ya kabati.

Akatoka akivua kofia. "Lile swali lako," akasema. "Siwezi kulijibu nikiwa Olkaria."